Kuleana: Neno Moja, Haki na Wajibu

Kiswahili kina haki na kina wajibu, kila moja na neno lake. Kihawaii huvibeba vyote viwili kwa neno kuleana. Mkulima wa magimbi mwenye kuleana ya mfereji anayo haki ya kufungulia maji yaingie shambani mwake. Papo hapo ana kazi ya kuuzibua mfereji huo pamoja na wenzake. Asiyeshika jembe siku ya usafi hana la kudai maji yakigawiwa.

Neno hilo lina maana nyingine pia: mamlaka, sababu, shughuli inayomhusu mtu. Kwenye ukoo, kuleana ni ndugu wa damu ambaye kupitia kwake unahesabu udugu na watu wa mbali, kama vile wakwe.

Maana iliyoingia mahakamani ni ya ardhi. Mwaka 1848 Mfalme Kamehameha III aligawana ardhi ya visiwa vya Hawaii na machifu wake. Sheria ya Kuleana ya mwaka 1850 ikawaruhusu wakulima wa kawaida kudai hati za vipande walivyolima, pamoja na kiwanja cha nyumba kisichozidi robo ekari. Ilibidi shamba lipimwe na mashahidi waitwe. Wengi hawakudai, na vipande vilivyotolewa havikufika asilimia 1 ya ardhi yote. Tangu hapo, kuleana ikawa pia jina la kishamba chenyewe.

Hata hivyo, sheria hiyo haikuishia kwenye mipaka ya shamba. Iliwahifadhia wenyeji kuni, miti ya kujengea, majani ya kuezekea, maji ya kunywa na njia ya kupita. Kifungu hicho kingali katika sheria za jimbo la Hawaii.

Vishamba hivyo vimerithiwa kizazi hadi kizazi bila kugawanywa, hata kimoja kikawa na warithi wengi wasiojuana. Desemba 2016 kampuni za Mark Zuckerberg, mwanzilishi mwenza wa Facebook, zilifungua kesi kuhusu vipande vya aina hiyo vilivyomo ndani ya ardhi yake kisiwani Kauai. Wenyeji walipolalamika, Januari 2017 Zuckerberg alitangaza kuziondoa kesi hizo.

Kwa kuwa neno hilo hubeba maana hizo zote, mgeni anayeulizwa kuleana yake mahali fulani haulizwi hati tu. Anaulizwa ana uhusiano gani na watu wa hapo, kimemleta nini, na atawafanyia kazi gani.