Majina ya Mahali na Upatikanaji wa Tasnifu katika Hifadhi za Kidijitali za Vyuo Vikuu: Mfano wa Tabora

Makala haya yanafafanua dhima ya hifadhi za kidijitali za vyuo vikuu na changamoto za kuitimiza. Hoja kuu ni kwamba tasnifu iliyohifadhiwa bila kuorodheshwa ipasavyo haina tofauti kubwa na ile iliyofungiwa kabatini.

Hifadhi hizi zina dhima tatu: kulinda nakala zisipotee, kuwawezesha watahini kulinganisha kazi mpya na zilizotangulia, na kurejesha matokeo ya utafiti kwa jamii iliyotoa data. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania anayesoma kwa masafa akiwa Tabora huzihitaji zaidi, kwa kuwa maktaba kuu iko mbali naye.

Historia ya Tabora inadhihirisha tatizo la uorodheshaji. Burton na Speke, waliofika mwaka 1857 kwa njia ya misafara, waliuita mji huo Kazeh. Livingstone na Stanley, waliokaa Kwihara mwaka 1872, waliandika Unyanyembe, jina la utemi mzima. Watu nao wana majina mengi: Tippu Tip, ambaye tawasifu yake ya Kiswahili ilichapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, ndiye Hamed bin Muhammed el Murjebi. Programu ya utafutaji mara nyingi hulinganisha herufi tu. Mtafiti anayeandika "Tabora" peke yake atazikosa kazi zilizoorodheshwa kwa "Unyanyembe", kisha atadai kuwa pengo la utafiti lipo mahali ambapo halipo.

Changamoto nyingine ni kurasa zilizopigwa picha bila kugeuzwa kuwa matini yanayotafutika, na maneno msingi ya Kiingereza pekee katika tasnifu za Kiswahili. Lipo pia suala la ridhaa: mzee aliyekubali kumsimulia mtafiti masimulizi ya Kinyamwezi hakukubali, kwa tendo hilo pekee, sauti yake isambazwe kwenye intaneti.

Inapendekezwa kwamba maneno msingi yaandikwe kwa Kiswahili na yajumuishe majina ya zamani na ya sasa. Fomu ya ridhaa itaje wazi uwekaji wa data hifadhini. Na watahini wayakague maneno msingi kwa makini yaleyale wanayotumia kukagua marejeleo. Marekebisho hayo hayahitaji mitambo mipya, bali yanahitaji ushirikiano wa mtafiti, mtahini na mkutubi kabla tasnifu haijapokelewa.