Mtalii Akikuandikia "Put Off" Usimblock: Vijineno vya Kizungu Vinavyokula Doo ya Wasee wa Old Town

Cheki hii. Wewe unatembeza watalii Old Town, mmepatana na mzungu mkutane saa tatu asubuhi nje ya Fort Jesus. Saa mbili meseji inaingia: "We have to put off the tour." Unasonya, unasema huyu ameniruka, unablock namba. Manze, umejikosesha doo! "Put off" ni kuahirisha tu. Angekuwa anafuta kabisa angeandika "call off". Alikuwa anangoja umwambie siku nyingine.

Usijione mjinga. Kiswahili chetu hubeba mwelekeo ndani ya kitenzi chenyewe: panda, shuka, ingia, toka. Ukitaka kuongeza maana unageuza mkia, kimbia inakuwa kimbilia. Mzungu naye ana "get" moja, anaitundikia vijineno mpaka inatoa maana kumi.

Kwetu unapanda matatu, unapanda feri ya Likoni, unapanda tuktuk. Kwao matatu na feri ni "get on", tuktuk na teksi ni "get in". Ujanja ni huu: chombo unachoweza kutembea ndani, hata kwa kuinama, ni "on". Kile unachoingia na kukaa tu ni "in". Kushuka pia, "get off" feri lakini "get out of" tuktuk. Na boda? "On", kwa sababu unaikalia juu.

Sasa ile yetu Wakenya wote: "I will pick you at the Tusks." Sisi kwa sisi hiyo iko sawa kabisa, hakuna anayepotea. Lakini mgeni kutoka London anasikia unamchagua, kama embe pale Marikiti. Sema "pick you up". (Taja mahali na saa pia, maana "pick up" ni kukatia vilevile, usilete ngori.) "Drop you at the hotel" nayo haina noma, hata wao husema hivyo.

Kwenye "cope up with" toa hiyo "up". Kwenye "discuss about" toa "about".

Kitu kingine: kwenye "pick up", "you", "him" na "them" hukaa katikati. "Pick up the tourists" ni sawa, "pick up them" hapana, ni "pick them up".

Kwa hivyo ile meseji ya asubuhi ungejibu: "No problem, I'll pick you up tomorrow at nine." Ndiyo, nine. Saa tatu yako ndiyo nine yake. Ukimwandikia "three" utamngoja pale ngomeni mpaka jua likuchome.