Tela Linalolingana na Pikapu

Uzito wa tela huhesabiwa likiwa limepakiwa, si likiwa tupu. Tangi la lita 1,000 linalopeleka maji kwenye machimbo madogo ya Kahama, jirani na uliokuwa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, hubeba kilo 1,000 za maji. Tela lenyewe likiwa na kilo 300, jumla ni kilo 1,300. Mawe ya dhahabu ya ujazo huohuo ni mazito zaidi.

Kikomo cha pikapu husomwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Baadhi ya Toyota Hilux za dizeli huruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 tela likiwa na breki zake, lakini kilo 750 tu lisipokuwa nazo. Hivyo tela hilo la maji, bila breki, limevuka kikomo hata kama injini inalivuta bila shida. Hatari hujitokeza wakati wa kusimama, tela linapolisukuma gari kwa nyuma.

Abiria na mizigo ya kwenye bodi hupunguza uzito unaoweza kuvutwa. Takriban asilimia 10 ya uzito wa tela iegemee sehemu ya kufungia. Ikipungua, tela huyumba. Ikizidi, gari huinama nyuma na usukani huwa mwepesi. Kwa hiyo mzigo mzito hupangwa juu ya ekseli, ukisogezwa mbele kidogo.