Zawadi ya mia tano kwa asiyetumia cha mnyama

Anayetoka Ndabibi kumtembelea mtu Naivasha mjini au Nakuru haendi mikono mitupu, na mara nyingi mikono hiyo imebeba kitu cha mnyama. Itakuwa asali ya Eburru, maziwa ya asubuhi, trei ya mayai, jogoo aliyefungwa miguu au samaki wa ziwani. Akishika barabara kuu ya Nairobi atasimama anunue yogati. Akipitia mteremko wa Mai Mahiu atakuta ngozi za kondoo na kofia za manyoya zimetundikwa kando ya lami. Sasa mwambie mtu huyo amtafutie zawadi mfanyakazi mwenzake ambaye hali nyama, hanywi maziwa, hagusi yai wala asali, na havai ngozi. Atakwama kabla hajapanda matatu.

Watu hao huitwa wavegani. Chama chao cha kwanza kilianzishwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipojitenga na wala mboga waliokuwa wakiendelea kunywa maziwa na kula mayai. Huku kwetu si wengi, lakini wapo: kijana aliyerudi kutoka chuo, mgeni wa utafiti aliyepanga karibu na ziwa, msimamizi wa shamba la maua, dada wa kwaya aliyebadilisha mlo baada ya kuugua. Mara nyingi si rafiki wa ndani. Ni mtu unayefahamiana naye tu, na kwa mtu kama huyo zawadi ya shilingi mia tano au chini ya hapo inatosha. Ukizidisha, unampa deni.

Kukwama kwetu kuna historia. Ndabibi ni nchi ya mifugo. Wamaasai walichunga hapa, kisha mlowezi Gilbert Colvile akajipatia jina kwa ng'ombe wake wa Boran, na baada ya uhuru kukawa na shamba la serikali chini ya ADC, shirika la maendeleo ya kilimo. Ukirudi nyuma zaidi, katika ukingo wa Mau magharibi mwa Ziwa Naivasha kuna pango la Enkapune ya Muto. Mwanaakiolojia Stanley Ambrose alipochimba pale alipata shanga zilizochongwa kwa ganda la yai la mbuni, za miaka kama 40,000 iliyopita. Ambrose anadhani huenda zilikuwa vitu vya kupeana, vya kushikilia urafiki na jamaa wa mbali, kama Wasan wa Kalahari walivyofanya hadi juzi. Kwa hiyo hata zawadi ya kale kabisa tunayoweza kuikisia katika eneo hili mvegani angeirudisha.

Lakini tazama mashamba ya leo: mahindi, maharagwe, minji, viazi, vitunguu, kabichi. Karibu kila kitu kinachotoka kwenye udongo huu kinamfaa, na bei yake ni ya chini. Kikwazo ni haya. Tumezoea kuona kuku ni heshima na maharagwe ni shibe, hivyo mtu anaona aibu kumpelekea mwenzake gorogoro la maharagwe, na badala yake anaingia dukani kununua boksi la biskuti lenye siagi na unga wa maziwa ndani. Nimefanya kazi ya lishe muda wa kutosha kujua kwamba boksi lile huishia kwa watoto wa jirani.

Kabla ya kununua chochote, ujue kwanza kwa nini mtu huyo hagusi vya mnyama. Sababu ndiyo inayochagua zawadi, na watu wengi huiruka hatua hii. Mwadventista Msabato aliyeacha nyama na maziwa kwa ajili ya afya na imani huenda pia hanywi chai wala kahawa, kwa hiyo pakiti ya majani ya chai, hata iwe nzuri namna gani, haitamfaa. Mpelekee mchaichai kutoka ua wa nyumba. Mrasta anayefuata mlo wa aitali anaweza kukataa chumvi na vitu vya viwandani, na huyo ndiye atakayefurahia kikapu cha vitu vibichi kuliko wote. Mwethiopia wa Kanisa la Orthodoksi hula chakula kisicho na nyama, maziwa wala mayai kwa karibu nusu ya mwaka, lakini hiyo ni saumu: Pasaka ikifika atachinja, na mkanda wa ngozi hauna ubaya kwake siku yoyote.

Mwenye kushangaza zaidi ni Mjaini. Jamii ya Oshwal hapa Kenya kwa sehemu kubwa ni ya dini hiyo, na kwa desturi hunywa maziwa, ingawa baadhi ya vijana wao sasa wameyaacha pia. Wanaoshika dini sana hawali kinachong'olewa ardhini, yaani viazi, vitunguu, karoti na vitunguu saumu, kwa kuwa kuking'oa kunaua mmea mzima pamoja na vidudu vilivyo kwenye udongo wake. Fikiria umembebea debe la viazi kutoka Ndabibi, umetoa jasho, na mwenyeji anakutazama kwa upole asijue pa kuliweka. Minji na maharagwe vingemfaa.

Kisha kuna yule ambaye sababu yake ni mnyama mwenyewe. Huyu haangalii sahani peke yake. Anaangalia viatu, mto wa manyoya, mshumaa, sabuni. Na anakataa asali kwa kuwa, kwa hesabu yake, ni akiba ya chakula cha nyuki iliyochukuliwa. Hili huwa gumu kuelezea kwa Waogiek wa Eburru, ambao kwao asali imo katika kila sherehe, kuanzia posa. Sioni haja ya kubishana upande wowote. Asali mpe mwingine.

Nirudi kwenye maharagwe, kwa sababu yanaweza kupendeza kuliko tunavyoyachukulia. Mvegani anayategemea kwa protini na madini ya chuma, kwa hiyo unampa kitu atakachokitumia wiki nzima. Usinunue ya aina moja. Mwambie mama mboga akupimie nusu gorogoro la Rosecoco, nusu la Wairimu, na konzi chache za Mwitemania. Yaweke kwenye mitungi ya kioo iliyooshwa, kila aina na mtungi wake, na tayari umepata kitu cha kutazamwa mezani. Uliza mambo mawili: yamevunwa lini, na je, yamepakwa dawa ya wadudu ghalani? Maharagwe yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata ukiyaloweka usiku kucha, na kuni au gesi atakayochoma mwenzako itapita bei ya zawadi yenyewe. Viazi navyo ni vizuri, ila Shangi, ambayo ndiyo imejaa sokoni, huchipua upesi. Mpelekee vya siku mbili tatu, si gunia.

Kama anakunywa chai, kuna kitu ambacho Wakenya wengi hawajakionja ingawa ni chetu. Mwaka 2011 watafiti wa chai kule Kericho walitoa aina mpya iitwayo TRFK 306, ambayo majani yake ni ya zambarau tangu shambani. Rangi hiyo inatokana na anthosayanini, kemikali zilezile zinazopatikana kwenye zabibu nyeusi na kabichi nyekundu. Mimina maji ya moto, na kikombe kinapata zambarau hafifu. Kamua ndimu, na papo hapo kinageuka waridi, kwa sababu kemikali hizo hubadilika rangi zikikutana na asidi. Maziwa huiharibu kabisa. Hii ni strungi kwa asili yake, na mtu aliyechoka kuulizwa kila nyumba kwa nini hataki chai ya maziwa atakushukuru kwa kumletea chai ambayo haitaki maziwa. Ni ghali kuliko majani ya kawaida, lakini pakiti ndogo inaingia kwenye mia tano yetu.

Zawadi nyingine haigharimu hata shilingi. Leleshwa inaota kila mahali, Ndabibi hadi miteremko ya Eburru, na wengi wetu tunaijua kama makaa tu. Shika jani lake: juu ni kijani cha kijivu, chini ni jeupe kama limepakwa pamba. Lisugue kati ya vidole upate ule ukali wa kafuri. Wamaasai wamelitumia tangu zamani kwapani na kwenye matandiko. Chuma matawi machache kwenye ua wako (si ndani ya msitu wa Eburru, ambao ua wake wa umeme ulikamilika mwaka 2014), yaanike kivulini hadi yakauke, uyafunge kwenye kipande cha leso ya pamba. Anaweka kwenye kabati la nguo. Nimeona watu wakinunua vifuko vya manukato kutoka Ulaya vyenye harufu dhaifu kuliko hii.

Vitu vya mikono vinahitaji jicho zaidi. Kiondo cha mkonge kinafaa kabisa, hadi utazame mkanda: vingi vina mkanda na pindo la ngozi, na vingine vimesukwa kwa sufu. Mwambie msusi akuwekee mkanda wa mkonge huohuo, na ukiwa mdogo bei huteremka. Shuka nyingi za Kimaasai sokoni siku hizi ni za pamba au akriliki, si sufu, ila soma kitambulisho kilichoshonwa pembeni. Shanga ni kioo na plastiki, lakini geuza bangili uone upande wa ndani. Kama zimeshonwa juu ya ngozi, iache. Zilizotungwa kwenye waya ni salama. Pia yapo mapambo ya mfupa na pembe yanayouzwa kama mbao iliyong'arishwa, na muuzaji hatakuambia usipouliza.

Ukilazimika kununua cha dukani, soma pakiti kabla ya kutazama picha. Kanuni za Kenya za kuweka lebo kwenye vyakula vilivyofungashwa zinataka viungo viorodheshwe kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na tatizo la mvegani kwa kawaida liko mkiani. Maziwa ya unga na kaseini ni vya ng'ombe. Jelatini kwenye peremende za kutafunika ni ngozi na mifupa iliyochemshwa. E120 ni rangi nyekundu ya wadudu waliokaushwa na kusagwa, E901 ni nta ya nyuki, na E904 ni shelaki, utomvu wa mdudu unaotumika kung'arisha peremende. Upande wa sabuni na losheni, lanolini ni mafuta ya sufu ya kondoo, na lebo ya sabuni inayotaja taloweti maana yake ni mafuta ya mnyama, tofauti na palmeti ambayo ni ya mawese. Mimi hufuata njia fupi: orodha ikizidi mstari mmoja, naacha kitu hicho rafuni. Sukari guru, karanga mbichi, ufuta na nazi havina orodha.

Ukitaka kupika mwenyewe, mahamri ya Pwani ya tui la nazi, iliki na hamira ni mteremko, na kashata ya nazi pia. Chapati ni sawa ukikanda kwa maji na mafuta, bila samli wala maziwa. Mukimo ni sawa mpaka mtu atie siagi, na jikoni kwetu kuna daima mtu wa kutia siagi. Jihadhari zaidi na unga wa kukolezea mchuzi, ule wenye ladha ya nyama. Sukuma wiki iliyokuwa ya mvegani kabisa inaweza kuacha kuwa hivyo kwa kijiko kimoja, na mpishi huapa kwamba hajaweka nyama.

Kitu kimoja nakiondoa kabisa kwenye orodha ya zawadi, nacho ni virutubisho vya chupa. Watu husikia kwamba mvegani hukosa vitamini B12, na ni kweli kwamba mimea haitoi kiasi cha kutegemewa, hivyo anahitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Kisha wananunua spirulina kwa bei kubwa. Spirulina ni jamaa wa kile kinachowalisha heroe wa Ziwa Elementaita, lakini sehemu kubwa ya B12 iliyomo ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Isitoshe, kumpa mtu usiyemjua sana dawa ya upungufu ni kumwambia kwamba umeshampima.

Na miche? Watu huipenda, na kwenye vitalu vya Naivasha mche wa parachichi ni rahisi. Muulize kwanza kama ana pa kuupanda. Mpangaji wa chumba kimoja Karagita atauona mche ule ukinyauka mlangoni hadi aone vibaya kukutana nawe. Kwake mbegu za terere na managu zinatosha: ndoo kuukuu iliyotobolewa chini, udongo, na mvua za Aprili. Kama ni mtu makini sana, mwambie pia asiweke unga wa mifupa kwenye udongo. Wengine huo nao hawautaki.