Kabla ya Kumeza Kidonge cha Mifupa, Tafuta Pengo

Mizigo ya watoto wetu wanaorudi kutoka Muscat, Dubai au Toronto siku hizi haikosi chupa ya vidonge vya mifupa. Mama huipokea kwa furaha, kisha huja nayo hadi dirishani kwangu katika duka la dawa: "Mwanangu, hebu nisomee. Nimeze vingapi kwa siku?" Mimi humwamkia, nikampa kiti, na kabla sijasoma maandishi ya chupa humuuliza mambo mawili. Mama, unakula nini? Na jua unaliota? Wengine hudhani nimekwepa swali, kumbe jibu lao limo humo humo.

Mfupa ni kiungo hai. Ndani yake kuna chembe zinazobomoa sehemu kuukuu na nyingine zinazojenga mpya, usiku na mchana. Hadi miaka 30 hivi, wajenzi huwazidi wabomoaji. Baadaye mambo hugeuka polepole. Kwa mwanamke hugeuka kwa kasi hedhi inapokoma, kwa kuwa homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo anaweza kupoteza hata moja ya tano ya mfupa wake. Mfupa hubaki mwepesi, wenye vitundu, hali ambayo madaktari huiita osteoporosisi. Hauumi wala hautoi onyo, mpaka siku bibi anapoteleza bafuni na shingo ya paja ikavunjika.

Kalsiamu inaingia wapi? Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kilicho nje ya hapo ndicho kinachofanya moyo udunde na misuli ikaze, na mwili hauvumilii kikipungua. Chakula kisipoileta, mwili huichota mfupani. Vitamini D nayo ndiyo inayousaidia utumbo kuipokea kalsiamu hiyo. Ndiyo maana vidonge vingi vya mifupa huchanganya vyote viwili.

Je, vinasaidia? Tazama tafiti mbili. Mwaka 1992 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walitoa matokeo yao kuhusu wanawake 3,270 wenye wastani wa miaka 84, waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee. Chakula chao kilikuwa na kalsiamu kidogo, na jua walilipata kwa nadra. Nusu yao walipewa miligramu 1,200 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku. Miongoni mwa waliomaliza miezi 18, mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 43.

Mwaka 2006 yakaja matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake 36,282 wa miaka 50 hadi 79. Waliopewa miligramu 1,000 za kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D kwa miaka 7 hivi waliongeza uzito wa mifupa ya nyonga kidogo tu, na mivunjiko haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Mawe ya figo ndiyo yaliyoongezeka, kwa asilimia 17. Tofauti yao na wale wa Ufaransa ni nini? Wengi wa wanawake hawa walikuwa tayari wanapata kalsiamu ya kutosha kabla hawajameza kidonge cha kwanza.

Hilo ndilo ninalotaka kila msomaji alishike: kidonge hujaza pengo. Pasipo na pengo, hakina kazi ya kufanya, na ziada yake huishia kwenye figo.

Basi tulipime pengo tukianzia jikoni. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku, kutoka vyanzo vyote. Glasi ya maziwa au mtindi ina karibu 300. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao ni hazina kubwa, na unga wa wimbi una zaidi ya miligramu 300 katika kila gramu 100. Kwenye mboga kuna la kujua: mchicha una kalsiamu nyingi, lakini una pia oksalati inayoifunga, hivyo mwili hupata kidogo. Kalsiamu ya sukuma wiki hupokelewa vizuri zaidi.

Upande wa jua, watafiti waliwahi kupima damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili, wakakuta wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita, ilhali 50 kwa kawaida huhesabiwa kuwa zinatosha. Lakini tusijidanganye kwamba kukaa karibu na ikweta kunatosha. Ngozi ya mzee hutengeneza vitamini D kidogo kuliko ya kijana, na bibi anayeshinda ndani, au anayetoka akiwa amejifunika mwili mzima, huenda akapungukiwa nayo hata jua likiwa linawaka juu ya paa lake. Mwenye pengo kubwa zaidi pengine ni yule aliyehamia kwa wanawe Toronto, ambako katika miezi ya baridi jua halina nguvu ya kuifanya ngozi itengeneze vitamini hiyo.

Ukionekana una pengo, meza kwa utaratibu. Mwili hupokea vizuri miligramu 500 au pungufu kwa mara moja, kwa hiyo gawa dozi. Kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo ya bei nafuu, imezwe pamoja na chakula. Usikimbilie dozi kubwa: huko Australia, wanawake wa miaka 70 na zaidi waliopewa yuniti 500,000 za vitamini D mara moja kwa mwaka walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Tena, mwambie mfamasia dawa zote unazotumia. Kalsiamu hupunguza kazi ya dawa ya tezi ya shingo na ya baadhi ya antibiotiki, kama siprofloksasini. Anayetumia ARV yenye dolutegraviri aimeze muda wa saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au ameze zote mbili pamoja na chakula. Mwenye historia ya mawe ya figo aanze kwa daktari. Na aliyekwisha kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo tu, au anayetumia predinisoloni kwa miezi, asitegemee kalsiamu peke yake, kwani zipo dawa mahususi za kuzuia mfupa usibomoke, na anastahili kupimwa.

Mwisho, tukumbuke kwamba nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka. Kutembea kila siku, na kuinuka kitini mara kumi bila kushika kitu, huipa misuli nguvu ya kumzuia mtu asianguke. Macho yapimwe. Mkeka unaoteleza uondolewe, na njia ya chooni iwe na taa usiku.

Kwa hiyo mama anayekunywa mtindi, anayekula dagaa na kulima bustani yake asubuhi, namrudishia chupa yake na kumwomba amwambie mwanawe: safari ijayo alete viatu vyenye soli isiyoteleza na taa ya ukumbini. Bibi anayeshinda ndani kwa chai ya rangi na mkate, huyo namfungulia chupa, namwonyesha kidonge cha mchana na cha jioni, na kumwomba mjukuu aliyemleta amtoe nje kila siku wakatembee pamoja.