Gongo Inapofika Kwenye Nyuzi za Ubongo

Mtu akitoka kilabuni Mikumi, wilayani Kilosa, huku anapepesuka, hakuna anayeshangaa: kalewa, kesho ataamka mzima. Mashaka huanza anapopepesuka wiki kadhaa baada ya kuacha gongo, anasahau alichoambiwa asubuhi na kuwaka hasira kwa jambo dogo. Ndugu humshuku kwamba anakunywa kwa kificho. Huenda hanywi kabisa, na sababu iko ndani ya ubongo.

Chini ya tabaka la kijivu la ubongo, lile linalopewa sifa zote za kufikiri, kuna sehemu nyeupe. Ni nyuzi za neva zilizovikwa utando wenye mafuta uitwao mailini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Utando huo ndio huharakisha ujumbe. Fungu kubwa kuliko yote, korpasi kalosamu, lina nyuzi zipatazo milioni 200 na huunganisha nusu mbili za ubongo. Mwaka 1903 Waitalia Ettore Marchiafava na Amico Bignami walieleza jinsi fungu hilo lilivyoharibika kwa walevi wa divai. Kuliona, iliwabidi kupasua maiti.

Leo mashine ya MRI humpima mtu akiwa hai. Picha ya kawaida huonyesha ubongo uliosinyaa. Mbinu iliyoelezwa na Peter Basser na wenzake mwaka 1994 huchungulia ndani zaidi, kwa kufuatilia mwendo wa maji. Kwenye nyuzi zenye afya maji husogea zaidi kwa kufuata urefu wake. Nyuzi zikichakaa, maji hutawanyika ovyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kwa kutumia mbinu hii uliwashtua wengi: kwa walevi waliolazwa ili waache pombe, mabadiliko ya sehemu nyeupe yaliendelea hata ndani ya wiki 6 za mwanzo bila kunywa. Wanaodumu kwa miezi mingi bila pombe, wengi wao hupata nafuu, ingawa si lazima kila kilichoharibika kirudi.

Viroba, yaani pombe kali ya vifuko, vilipigwa marufuku nchini Tanzania Machi 2017, na gongo huandamwa na polisi tangu zamani. Ubongo haujui sheria. Unaumizwa na ethanoli, iwe ya gongo, ya komoni au ya bia yenye leseni.

Kutoka Kilosa, mgonjwa anaweza kupelekwa kupigwa MRI Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au Muhimbili. Lakini kipimo cha mwendo wa maji bado ni cha watafiti zaidi, na tiba ya kwanza haikisubiri. Mlevi hula kidogo, na pombe huzuia utumbo kufyonza vitamini B1. Ikipungua mno, huja hali aliyoieleza Carl Wernicke mwaka 1881: macho kuchezacheza, kupepesuka, kuchanganyikiwa. Daktari akiishuku tu, huchoma sindano za vitamini B1 mara moja, na dripu ya glukosi haitangulizwi peke yake, maana inaweza kuzidisha madhara.

Familia nyingine humfungia mlevi chumbani ili aache kwa nguvu. Aliyezoea kunywa sana kila siku akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Hospitalini huachishwa chini ya uangalizi, kwa dawa kama diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku.