Mifereji Mitano ya Risasi

Ukishuka Mbololo hadi Voi, kisha ukashika barabara ya Taveta, mwisho wa safari utaliona juu ya kilima jumba alilolijenga Ewart Grogan miaka ya 1930, limeukabili Kilimanjaro. Wapenzi wa hadithi za upelelezi wangelifurahia: majumba kama hayo ndiyo makao ya matajiri wenye wivu na maiti za alfajiri. Bahati yake Grogan, maiti haikupatikana kwake. Ilipatikana Karen, Nairobi.

Usiku wa kuamkia 24 Januari 1941, Josslyn Hay, Lodi wa Erroll, alikutwa amekufa ndani ya gari lake aina ya Buick lililotumbukia shimoni kando ya barabara, karibu na nyumba ya Jock Delves Broughton. Ilidhaniwa ajali, kumbe alipigwa risasi kichwani. Lodi alikuwa mpenzi wa Diana, ambaye Broughton alikuwa amemuoa miezi michache tu nyuma, na jioni ile walikula pamoja Muthaiga Club. Hapo hata mtoto angemjua mshukiwa.

Tena Broughton alikuwa ameripoti siku chache kabla kwamba ameibiwa bastola mbili za Colt. Polisi wakaenda hadi shamba moja la Nanyuki alikowahi kujifunza shabaha, wakaokota risasi za huko, na wataalamu wakasema zimetoka kwenye bastola ileile iliyoua.

Ndani ya mtutu huchongwa mifereji inayojizungusha kama ngazi ya mnara. Risasi ikipita hulazimika kuzunguka, na mzunguko huo ndio unaoizuia isipinduke hewani. Mifereji hiyo huipiga chapa, na idadi na mwelekeo wake hufuata kiwanda: Colt mifereji 6, ikielekea kushoto; Smith & Wesson 5, kulia. Kisha kila mtutu huacha mikwaruzo yake midogo. Hiyo hulinganishwa kwa hadubini pacha, kazi iliyompa Calvin Goddard umaarufu baada ya mauaji ya Chicago ya 1929.

Broughton aliposhtakiwa, wakili wake Harry Morris, aliyeletwa kutoka Johannesburg, hakujisumbua na mikwaruzo. Alihesabu mifereji. Risasi iliyomuua Lodi ilikuwa na mitano, ikielekea kulia. Je, Colt yaweza kutoa risasi kama hiyo? Mtaalamu wa serikali akakiri kwamba haiwezi. Tarehe 1 Julai Broughton akaachiliwa.

Wapo wanaouita ujanja wa wakili. Mimi naona ni sayansi iliyotumika pale ilipo na nguvu. Kusema risasi hii imetoka kwenye bastola hii hutegemea jicho la mtaalamu, na mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lililalamikia udhaifu huo. Kusema haikutoka humo, mifereji ikiwa imetofautiana, hakuhitaji zaidi ya kuhesabu. Ila Morris alizitoa hatiani Colt zilizoandikwa kwenye leseni ya Broughton. Kama Broughton alikuwa na silaha nyingine, mifereji mitano haikusema.

Broughton alijiua kwa mofini huko Liverpool mnamo Desemba 1942. Bastola haijaonekana hadi leo. Ikifukuliwa matopeni, kutu itakuwa imeila mikwaruzo kwanza, kwa hiyo kuilinganisha na risasi yoyote kutakuwa kazi bure. Mifereji, kwa kuwa ni mirefu na mipana, huenda bado ikahesabika.